Mlanyayo wa Nakwa

Nakwa, Babati
Jumapili, 19 Novemba 2006

Mpendwa mdogo wangu Katarina, Mama Careen,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta mzima hapo Dodoma, na kile kikohozi cha vumbi ulichokuwa unakilalamikia kimekuacha. Sisi hapa tunaendelea. Wifi yako Evangelina anashinda kwenye genge lake la mboga kama kawaida, mvua zimeanza mapema na njia yetu yote ni matope. Careen ni mzima wa mwili. Anakula, analala, na jino lake la mbele limeng'oka juzi. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujapiga simu. Ningeweza kukupigia mimi, lakini unanijua. Kwenye simu ningejitetea. Kwenye karatasi angalau naona ninapojitetea, na naweza kufuta.

Nianze na shule. Chekechea ya Careen imepata mwalimu kijana anaitwa Antonia, ametoka chuo mwaka huu. Mwezi wa tisa aliwaita wazazi akaeleza kwamba anataka kuanzisha darasa la nje. Kila Ijumaa watoto wangekwenda kwenye shamba la mzee Aniceti, linalopakana na shule, wavue viatu, wachimbe, wafuate sisimizi mpaka kwenye shimo lao, wajenge kwa matope na wajifunze kuhesabu kwa maharage. Unajua nilivyopokea habari hiyo. Kwa miaka kumi na mitano nimewaandikia wahariri wa magazeti kwamba tunafungia watoto ndani kama magunia ya mbaazi, halafu tunashangaa wakikua hawawezi kuuliza swali. Sasa alikuwa ametokea mtu wa kuyatenda niliyoyaandika.

Alipingwa, na aliyempinga ni Sadallah, yule mwenye ghala la nafaka karibu na stendi. Alisema yeye hakumleta mwanawe shule akacheze matope, kwa sababu matope yapo nyumbani na ni ya bure. Watu walicheka. Nilisimama, Katarina, na sikukaa kwa dakika arobaini. Niliwaeleza yaliyomo katika vitabu vyangu vyote vya malezi, nikawaeleza pia mimi na wewe tulivyokuwa tunateleza kwenye ule udongo wa mfinyanzi wa kwetu Dongobesh mpaka mama akatukataza kuingia ndani na nguo zetu. Nilimwambia Sadallah kwamba gunia linaweza kukaa ndani mwaka mzima bila kudhurika, mtoto hawezi. Nilishinda. Mwalimu Antonia alinishika mkono kwa mikono miwili.

Ijumaa ya kwanza ya Oktoba watoto thelathini walifika shambani wakiimba. Wakaambiwa wavue viatu. Hapo mtoto mmoja alianza kulia, akasema ardhini kuna Mlanyayo, na anayekanyaga udongo peku huliwa nyayo zake, kuanzia kidole kidogo. Mwalimu alifikiri ni mchezo. Kabla hajamaliza kutabasamu, wote thelathini walikuwa wanalia. Wawili walijikojolea. Mmoja alipanda mgongoni kwa mzee Aniceti akakataa kushuka mpaka alipofikishwa darasani.

Haikuishia hapo. Wiki ile yote watoto wa Nakwa walikataa kwenda chooni bila viatu. Wazazi wakaanza kusema maneno. Wengine walisema shamba la Aniceti lina kitu kilichofukiwa, na mzee wa watu akaacha kuja kwenye sala za jumuiya. Wengine walisema ni Antonia aliyewatisha watoto ili wamtii. Kamati ya shule ikasimamisha darasa la nje, ikapanga kikao cha wazazi cha jana Jumamosi, kuamua kama binti huyo aendelee na kazi au arudi kwao.

Nilikasirika, na hasira yangu unaijua. Niliandika kurasa mbili nikazibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule. Niliandika kwamba aliyewatia watoto hawa hofu ya udongo amewaibia ardhi kabla hawajairithi, na kwamba mtu mzima anayemtisha mtoto ili apate utulivu wake mwenyewe ni mwoga na mvivu. Nilidai atafutwe, atajwe jina mbele ya kikao, asimame mbele ya watoto, avue viatu na aombe radhi. Sadallah, ambaye tangu hotuba yangu ananiita Mwalimu, alisoma mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, ukishampata huyo jamaa usimle peke yako, tuite na sisi."

Nikaanza uchunguzi. Niliwauliza watoto mmoja mmoja wanapotoka shule, na daftari mkononi. Huyu alisikia kwa yule, yule kwa mwingine. Alhamisi jioni nilikuwa nimebakiza mtoto mmoja tu, naye alikuwa nyumbani kwangu. Careen alikuwa amekaa barazani anakula hindi la kuchoma, na viatu miguuni. Nilikaa mbele yake, nikafungua ukurasa mpya, nikamuuliza kwa upole ni nani aliyemwambia habari za Mlanyayo. Alimaliza kwanza kutafuna. Kisha akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake na mtu anayelijua.

"Si ni wewe, mjomba."

Nilimuuliza lini. Akasema siku ile ya ndoo.

Nilifunga daftari. Nilikumbuka siku ile yote kwa mara moja. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua kubwa imekatika, na mimi nilikuwa naandika makala kuhusu haki ya mtoto kucheza nje. Careen alikuja na ile ndoo yake nyekundu uliyomnunulia, anataka kwenda mtaroni. Alikuja mara ya pili. Mara ya tatu nilimwambia, bila hata kuinua kichwa, kwamba huko nje kuna Mlanyayo, nikamweleza na mambo ya kidole kidogo. Jina nililitunga palepale. Akarudi ndani. Nilimaliza makala yangu, na gazeti likaichapa.

Tangu siku hiyo, Katarina, miezi minane, mtoto wako hajakanyaga udongo kwa mguu mtupu. Mimi niliona tu kwamba anapenda viatu, na miguu yake ni safi. Nilikuandikia mwezi wa nne kwamba Careen ametulia kama mtu mzima, hanisumbui hata kidogo nikiwa kazini, na wewe ukanijibu kwa kunishukuru. Barua yako ninayo hapa. Ulinikabidhi mtoto kwa sababu hukutaka akulie katika chumba kimoja cha kupanga, ulitaka apate ardhi kama sisi. Mimi nimempa baraza la saruji la hatua sita.

Nilipomweleza wifi yako, aliuliza kama na hili nalo nitalipeleka gazetini.

Jana nilikwenda kwenye kikao. Nakiri kwako kwamba njiani nilifikiria kunyamaza, maana nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua. Lakini kurasa zangu mbili zilikuwa bado ziko ubaoni, na Antonia alikuwa amekaa mbele, begi lake limefungwa kabisa, tayari kwa safari. Nilisema ni mimi. Nilieleza siku ya ndoo kama nilivyokueleza. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinishtua kuliko kicheko. Mzee Aniceti aliinamisha kichwa. Nilivua viatu mbele ya watoto waliokuja na wazazi wao. Ndipo Sadallah akasema kutoka nyuma, taratibu, "Na soksi, Mwalimu."

Nikavua na soksi. Nikatembea peku kwenye matope ya Aniceti mpaka mwisho wa shamba na kurudi, na watoto wamejipanga kwenye ukuta wanatazama. Niliporudi ukutani, Careen alichuchumaa kwenye saruji akanihesabu vidole vyote kumi, kisha akaanza upya. Antonia anabaki, na darasa la nje linarudi Ijumaa ijayo. Sadallah amekubali mwanawe aende, kwa sharti kwamba kila Ijumaa mimi nitangulie peku. Sikubishana naye.

Kuhusu Careen, uamuzi ni wako. Ukija Krismasi kumchukua, nitambeba mwenyewe mpaka stendi na sitakuwa na hoja. Ukimwacha, kazi yangu nimeshaijua, na haihitaji karatasi.

Wifi yako anakusalimu sana, na amekuwekea maharage mapya. Mzee Aniceti naye anatoa salamu, jana alirudi jumuiyani. Careen anakusalimu. Amekaa hapa pembeni yangu barazani, amevua kiatu kimoja, mguu unaning'inia juu ya udongo. Amesema nikuandikie kwamba Mlanyayo hajamla mjomba bado. Hilo "bado" ni lake, nami sikulifuta.

Ni mimi kaka yako,
Wilbroad