Nyoka Hapigi Hodi

Kidete, Jumatano, Aprili 1976

Mvua imekatika tangu alasiri, matope yamejaa hadi kizingitini. Leo nina aibu hata kwenye kioo sitaki kujitazama.

Samaki wetu, mkunga, amekufa. Mume wangu, Baba Rehema, ni gadi wa treni, na ndiye aliyemleta kutoka Dar es Salaam, mwembamba kama kidole, mrefu kama mkono. Akamtengenezea tangi la kioo pembeni mwa chumba, na kila safari hurudi na debe la maji ya bahari. Tulilifunika kwa kanga, hatukumwonyesha mtu. Huku bara nani angekubali kwamba kitu kile si nyoka? Mimi mwenyewe nilimchukia mwanzoni. Baadaye nikawa namlisha vipande vya samaki na kucheka peke yangu akichungulia kutoka chini ya kigae alichojifichia.

Wiki hii mto Mkondoa umefurika, treni hazipiti, na maji ya tangi yamechafuka, ikabidi nikoroge ya chumvi mwenyewe. Leo nikasikia duka la kijiji limepata chumvi. Nikamwacha Rehema amelala kwenye mkeka, nikarudisha mlango, nikaenda kupanga foleni.

Mtoto wa miezi sita, peke yake, kwa ajili ya chumvi ya samaki.

Na juzi tu jirani yangu Mama Shabani aliniomba chumvi kidogo ya mboga. Nikamwambia sina. Niliyokuwa nayo nilishaikoroga kwenye tangi.

Nilipokuwa foleni, mkunga akatoka tangini. Mama Shabani alikuwa anarudi kutoka shamba la ujamaa, akasikia mtoto analia, akachungulia dirishani, akaona nyoka anajinyonganyonga kando ya mkeka. Akaingia miguu mitupu na mpini wa jembe. Mimi nafika, Rehema yuko mgongoni kwake ametulia, na mkunga yuko sakafuni, kichwa kimepondwa.

Nikampigia kelele. Mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi! Nikamwuliza nani kamfundisha kuingia chumbani mwa watu bila hodi.

"Mwanangu," akasema, bado anahema, "nyoka hapigi hodi."

Nikampokea mtoto. Hata asante sikusema.

Sasa giza linaanza kuingia, na Mama Shabani amekaa barazani kwangu na mpini wake. Anasema nyoka huwa wawili, mwenzake lazima aje kumtafuta. Kwake moto haujawashwa.

"Wewe pumzika na mtoto, Mama Rehema," ameniambia sasa hivi kupitia dirishani. "Akija atanikuta mimi."

Hakuna atakayekuja. Mimi najua, yeye hajui, na nimekaa humu naandika badala ya kumwambia. Nikinyamaza atakesha pale na baridi yote hii, halafu asubuhi nitamwamkia kwa mdomo gani?

Chumvi iko mezani, sijaifungua. Naichukua yote, nampelekea barazani. Nitaanza na shikamoo.