Hervé Ameuza Buick

Anderlecht,
Brussels, Ubelgiji.
9 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Kadiri,

Shikamoo. Assalaam alaykum, na mkono wa Idi ingawa umechelewa kufika Tanga. Mguu unaendeleaje? Na mkaza mjomba wangu, Bi Mwanaidi, bado anakuficha sukari? Namuunga mkono, usinikasirikie.

Mimi mzima. Kifua kilinibana wakati wa baridi lakini kimeachia. Kazi ya ghalani inaendelea, na leo ni sikukuu yao ya Pentekoste, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Sasa vuta pumzi. Buick ipo, nzima, haijakatwa. Tazama picha nilizotia kwenye bahasha kabla hujaendelea kusoma, najua ndicho ulichokuwa ukikingoja. Uliponipigia simu ukaniuliza habari zake, nikakwambia mtandao unakata. Mtandao haukuwa na neno. Nilishindwa kukujibu.

Nikukumbushe kidogo, kwa faida ya atakayekusomea. Papa Florent, yule mzee wa Lubumbashi niliyekuwa nikishinda naye gereji kila Jumamosi tangu nilipokuja huku, alifariki mwezi wa pili. Aliacha mjane, Maman Marie-Jeanne, watoto watatu, na Buick Electra ya mwaka 1964. Watoto wakatakiwa wagawane urithi. Haya, gari unaligawaje? Akatokea bwana mmoja mwenye baa, akasema atalichukua yeye, atalikata katikati, na upande wa nyuma ataufanya kochi la wateja. Kochi, Mjomba! Watu wakalie buti na bia zao mkononi.

Wewe utanielewa. Litazame ubavuni kwenye picha ya pili. Mstari unaanzia kwenye taa ya mbele, unakwenda mpaka nyuma bila kukatika, mpaka macho yanachoka kuufuata. Yale matundu manne ya ubavuni hayana kazi yoyote ya maana, lakini ukiyaziba gari linakuwa kama mtu aliyenyoa nyusi. Ukishusha vioo vyote hakuna nguzo katikati, upepo unaingia huku unatokea kule. Kiti cha mbele kinabeba watu watatu na nafasi ya kugombana inabaki. Magari ya siku hizi yote yamenuna tu, sijui yanamkasirikia nani.

Najua utaniletea habari za yale ya mwaka 1959 yenye mapezi nyuma kama samaki, kama lile la meneja wa mkonge ulilolinyoosha bodi. Nakuheshimu sana, lakini mapezi yale ni kelele. Hii imetulia, inajijua kuwa nzuri. Hapo hatutapatana mimi na wewe, na basi.

Basi mwezi uliopita Maman Marie-Jeanne akanitumia ujumbe wa sauti. Akasema hivi: "Mudathir, mutoto yangu, Hervé alisha kuuza motokari ya papa yake. Bon, sasa roho yangu iko muzuri. Ukuye samedi, tukule."

Hervé ndiye mwanawe wa kiume. Nilikuwa kwenye metro, nikausikiliza ujumbe tena, nikapitiliza kituo changu. Niliumia, Mjomba, sikufichi. Nilimchukia Hervé kabisa. Nikajiambia, huyu hata alipokuwa akija gereji alikuwa anasimama mlangoni na simu yake, Buick akiiita "le bateau", yaani meli. Leo ndiye kauza. Na mama mtu anafurahi, tena ananialika chakula! Wiki ile nilipanga maboksi ghalani huku naliona gari limekatwa, nyuma imebaki peke yake ukutani.

Jumamosi nikaenda kwao Koekelberg, uso umenishuka kama nakwenda matangani. Mfukoni nilikuwa na bisibisi. Nilitaka niombe walau nembo ya kwenye boneti kabla mwenye baa hajalichukua gari. Mlango ukafunguliwa, nikapokewa na harufu ya samaki na muziki.

"Pole sana, maman," nikamwambia.

"Pole ya nini tena? Huku furaha iko!"

"Lakini gari, maman. Kweli mmekubali Hervé auze?"

"Alors, ulitaka nani auze? Ule muntu wa kochi?"

Sikuelewa kitu. Nikasema basi, mimi naomba nembo ya boneti tu, iwe kumbukumbu. Nikatoa bisibisi. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Mudathir, unataka kutosha kitu ku motokari ya Hervé, na Hervé mwenyewe njo huyu anakula hapa?"

Hervé alikuwa mezani na sahani yake. Nikamgeukia, nikamwuliza aliyelinunua ni nani.

"Kununua njo nini?" akauliza Maman.

Hapo Hervé akaweka uma chini, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Kazini kwake yuko na Wakenya, anakijua Kiswahili chetu. "Maman, kwao kuuza ni vendre! Wewe ulimuambia nili-vendre motokari ya papa!"

Mjomba, vendre ni kuuza kwa Kifaransa, na kwa watu wa Lubumbashi kuuza ndiko kununua. Wakitaka kusema kuuza kama sisi, wanasema kuuzisha. Marehemu kila alipotaka kusema kununua alitia Kifaransa, "tuta-acheter spea", ndiyo maana sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Hervé alikuwa amewalipa dada zake wawili mafungu yao, gari likabaki nyumbani. Mwenye baa kaambiwa akatafute kochi dukani.

Nikavuta kiti, nikakaa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuwa mjinga. "Donc wiki yote ulikuwa nalia bure!" alisema Maman, akanirundikia samaki, nami nikala kama niliyetoka kufunga. Nilimwomba Hervé radhi kwa yote niliyomwazia. Akasema, "Miye sipendi bamotokari. Nilikuwa napenda namna papa alikuwa nacheka ndani yake."

Jana tukalitoa. Limeandikishwa kwa jina la Hervé kama gari la kale, kwa hiyo linaruhusiwa mjini pamoja na moshi wake. Hervé anauogopa upana wake, akanipa mimi ufunguo. Maman akakaa katikati, mahali pake pa siku zote, Hervé dirishani. Tangu mazishi Maman hakuwa amelipanda. Aliipapasa dashibodi, tukashusha vioo vyote tukaondoka.

Wapenzi wenzetu wa magari ya Kimarekani hukutana Jumapili kwenye maegesho karibu na Basilika, lile kanisa kubwa la Koekelberg. Walipotuona wote wakasimama, Papa Kabeya, mzee wao, kavua na kofia. Nikawasha taa ya kukata kona ili niingie. Hervé akanigusa mkono. Maman alikuwa amelala, kichwa begani kwa mwanawe, mdomo wazi.

"Tangu papa alikufa, hajalala hivi," akaninong'oneza. "Usisimame."

Nikazima taa, nikawapungia, nikapita. Nikaizunguka Basilika, nikaizunguka tena, mguu taratibu kama niliyebeba mayai. Wale pale wakadhani tunaringa, wakashangilia kila tulipopita, Hervé akiwaashiria wanyamaze. Tukazunguka hivyo mpaka mshale wa mafuta nao ukalala.

Nisalimie Bi Mwanaidi, binamu yangu Abdul-Aziz na wanawe, na wote wa gerejini wanaonikumbuka. Maman Marie-Jeanne anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu aupe mguu wako nafuu, akulaze salama na akuamshe salama.

Mpwa wako, anayekupenda kuliko anavyojua kuandika,

Mudathir