Kura ya Mke Aliyetoka Ng'ambo

Jumatano, 9 Oktoba 1974

Nimepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia baada ya kufundisha shuleni. Mvua ya mawe kidogo, kisha jua. Wanawake walinyamaza nilipofika. Si mara ya kwanza wiki hii.

Najua sababu. Mgombea wa alama ya jembe ametoka kwetu nilikozaliwa, ng'ambo ya mto. Wa taa ni wa ukoo wa mume wangu. Miaka minane nimeolewa hapa, nimezaa hapa, lakini siku za kura narudishwa ng'ambo.

Ondieki, ndugu ya mume wangu, ni wakala wa taa. Jioni aliuliza kadi yangu ya kura naiweka wapi. Nikasema ipo. Hakupaswa kuuliza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kadi haipo. Niliiacha chini ya godoro. Nimeinua hata mkeka.

Ni Ondieki. Au Mokaya, mume wangu, ametumwa naye. Naona aibu kuandika hivi juu ya Mokaya, lakini ndivyo ninavyofikiri. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kanisani, ni Sabato. Mong'ina, mama mkwe wangu, alikaa karibu yangu na kunitazama mahubiri yote. Yeye pia simwamini.

Wakati wa chakula Mokaya alitangaza kwamba Jumatatu tutakwenda kupiga kura mapema, sote pamoja, kisha turudi tukae nyumbani. Siku ya kura ni sikukuu, alisema, tupumzike. Nimeelewa. Nitachungwa kama ndama.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimemuuliza Mokaya juu ya kadi. Ameapa hajaigusa. Nikamwambia basi amuulize ndugu yake. Akasema nimeanza kuleta siasa za kwetu nyumbani kwake.

Kwake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tulitoka alfajiri. Matope. Nilikwenda tu ili nisionekane nimekataa. Ondieki alikuwa ametangulia kituoni.

Kwenye kona ya mikalitusi Mong'ina alisimama, akaingiza mkono kifuani na kutoa kadi yangu. Akanipa mbele ya Mokaya.

"Nilimwona Ondieki akichungulia chumbani kwenu, mokamwana, mke wa mwanangu," alisema. "Nikaichukua kabla yake. Kura ni yako."

Tangu Jumamosi nilimwona adui. Mokaya alitazama chini.

Kituo kilikuwa darasa langu mwenyewe, la tatu. Jedwali la kuzidisha bado ukutani. Nilitia alama kwenye taa. Ndiyo, taa. Niliogopa, na nimechoka kuwa mtu wa ng'ambo. Sitamwambia mtu, hawataniamini.

Mong'ina alinifuata. Hajui kuandika, na asiyejua kuandika husema chaguo lake mbele ya msimamizi na mawakala. Ondieki alikuwa ameketi pale pale. Nilikuwa mlangoni, nikasikia.

"Jembe."

Ondieki alimwomba arudie, akidai hakumwelewa.

"Nimesema kwa Ekegusii," alisema, "na wewe Ekegusii unasikia. Jembe."

Tulirudi nyumbani. Nilichinja kuku kwa kuwa ni sikukuu. Watoto walipukuchua maharagwe kibarazani. Mokaya alitengeneza mlango wa banda ambao haukuwa umeharibika. Hakuna aliyetoka, hakuna mgeni aliyekuja.

Baada ya kula, Mokaya alimuuliza mama yake kwa nini. Mong'ina alimtaja Kemunto, binti yake. Alishikwa na uchungu wa kuzaa mto ukiwa umefurika, wakambeba juu ya kitanda, wakakaa ukingoni wakingoja maji yapungue. Alifia pale. Mtu wa taa ameahidi daraja la mto ule kila anapoomba kura.

"Mlimzika dada yenu, mkarudi kumpigia makofi mtu huyo," alisema.

Mokaya alitoka nje. Niliosha vyombo. Mong'ina alivipangusa, jambo ambalo hajawahi kufanya nyumbani mwangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Redio imesema. Jembe ameshinda, kwa kura chache. Ondieki hajaonekana tangu Jumatatu. Mokaya amezima redio na kwenda kupalilia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kituo cha majani chai. Leo hawakunyamaza. Walisema kwa sauti kwamba wako walioolewa ambao wamekula chakula cha ukoo kisha wakauuza. Macho yote kwangu.

Ondieki alikuwa kwenye foleni, mbele yangu. Yeye peke yake kati yao anajua ni nani wa nyumba yetu aliyechagua jembe. Hawezi kumtaja mama yake, na mawakala waliapishwa kutunza siri. Nilingoja aseme neno. Hakusema. Nami ningeweza kusema, nikanyamaza.

Ilipofika zamu yake, alisogeza kikapu chake kando, akainua changu na kukitundika kwenye mizani.

Kelele zikapungua. Karani akasoma uzito. Sikumshukuru Ondieki, naye hakungoja shukrani.

Mvua ikaanza. Nimefika nyumbani nimelowa, Mong'ina amewasha moto.