Bomba Tupu Halijafungwa

Mjukuu wangu Saida,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chikongola tu wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu.

Umeuliza kwa nini programu yako inaganda ikisubiri data kutoka kwa programu mwenzake. Inasoma kabla ya kutazama. Iamuru ichungulie kwanza kama bombani, ile njia ya kupitishia data kati ya programu mbili, kuna kitu. Kama hakuna, ifanye kazi nyingine, kisha irudi. Ila usikosee nilivyokosea mimi.

Ujanani nilipofanya kazi kwenye kituo cha tahadhari za mafuriko, Mzee Liyumba wa Kitaya alitusomea kina cha mto Ruvuma kwa redio ya mawasiliano. Niliingiza namba kwenye programu moja, nayo ikazipeleka kwa bomba hadi ya pili, iliyotoa tahadhari. Hiyo ya pili niliiamuru ikikuta bomba tupu ijifunge.

Siku moja mzee alisoma namba mbili, kisha akanijulia hali: mama, wadogo zangu, shamba. Mkubwa hakatizwi, nikajibu yote; wakati huo bomba lilikuwa tupu, na programu ya pili ikajifunga. Namba ya tatu, kubwa kuliko zote, ilipoingia bombani, hapakuwa na wa kuisoma.

“Mbona tahadhari haijatoka?” mzee akauliza. “Maji yapo mlangoni.”

Watu walisalimika kwa sababu mzee hakuacha kuita redioni. Nami sikuinuka kitini mpaka programu ilipojua kutofautisha bomba tupu na bomba ambalo mwandishi, yaani programu inayopeleka data, amelifunga upande wake. La kwanza, endelea kuchungulia. La pili tu ndilo la kuacha.

Miezi minne hukuandika. Mama yako alisema umetusahau. Mimi niliendelea kuchungulia.

Babu yako