Kengele ya Waliozama

Ghuba ya Zwicker, Nova Scotia
Aprili 19

Mdogo wangu Verna,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Alberta haijakumaliza, na hayo mafuta mnayochimba yanatoka. Sisi tu wazima. Goti linanisumbua, lakini lingekuwa la mtu mwingine lingeshakatwa. Mwanao Corinne, ninayemtunza hapa, naye ni mzima wa mwili. Ya moyo nitakueleza, na nakuonya mapema: naandika nikiwa na hasira ya kuivisha kambakoche bila moto.

Unajua kwamba kila Mei kadeti mmoja, kijana wa mafunzo ya unamaji, husoma majina ya watu wa hapa waliozama, akipiga kengele baada ya kila jina. Anayemchagua ni kamati yetu, sisi raia tusiolipwa wala kuvaa magwanda, tunaowapikia wanamaji meli zikitia nanga na kuwalea makadeti. Mwaka huu tulimchagua Corinne, asome na jina la baba yake, Lyle. Tukampa na nafasi ya kwenda kiangazi kwenye meli ya mafunzo. Mtoto akapiga gwaride jikoni mpaka paka akajua kugeuka nyuma.

Halafu akaja mwenyekiti wetu, Garnet Rafuse, yule muuza magari. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema Corinne ameondolewa kotekote, kwenye kengele na kwenye meli. Nikamuuliza sababu. Akajibu, "Burton, hilo usiniulize." Mimi, niliyevuta nyambizi kwa boti ya Baba, kamba nimeiuma kwa meno, niambiwe nisiulize! Corinne akaitafuta sababu mwenyewe. Kwenye mazoezi alilia liliposomwa jina la Lyle. Akaniambia, "Mjomba, ni kwa sababu nililia. Wanataka mtu mkakamavu."

Toka siku hiyo nikamtangaza Garnet gatini, dukani na kanisani. Kila nilipomtukana aliinamisha kichwa tu, nami nikazidi kuwaka.

Jumamosi tulikuwa na karamu ya maharage ukumbini, kwa ajili ya mabaharia wa meli iliyoingia. Supu yangu ya samaki ilikuwepo, ile iliyomliza admirali mmoja akataka nihamie kwake. Garnet aliposimama kukaribisha wageni, uvumilivu ulinishinda. Nikaiendea kengele ya shaba iliyoning'inia ukutani, nikaigonga kwa nguvu zangu zote, watu wanyamaze nimuumbue.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe! Hasira ilinisahaulisha desturi, Verna. Anayegonga kengele ya ukumbi bila sababu huwanunulia wote kinywaji. Mabaharia wakapiga meza: "Mungu akuzidishie, mzee!" "Mimi mbili, babu ana mkono mzuri!" Makadeti wakapanga foleni ya soda. Nikawa napayuka kwamba Garnet ni mwizi wa nafasi za watoto, na hakuna aliyenisikia isipokuwa mkewe, Idella.

Alinikokota kwa aproni mpaka jikoni. Akasema, "Burton Corkum, funga bakuli lako. Mume wangu umemvua nguo mbele ya mji mzima, naye amenyamaza kwa sababu aliahidi. Aliyepiga simu akilia mtoto aondolewe ni Verna. Mdogo wako."

Nikakaa juu ya gunia la viazi.

Sina hasira kwamba unaogopa. Bahari ilimchukua Lyle, na mimi ninayejigamba kote, Corinne akipanda mashua naangalia pembeni. Ungemwambia, "Mwanangu, naogopa," angekuelewa. Badala yake ukajificha nyuma ya Garnet, ukamwacha mtoto aamini kwamba kumlilia baba yake ni kosa. Hilo ndilo linalonichemsha!

Garnet nimemwomba radhi mbele ya watu. Anasema nafasi zote mbili hajampa mtu, anangoja neno lako. Corinne sijamwambia kitu. Hilo ni lako, si langu.

Asubuhi ya leo nilimkuta mbele ya jiko akirudiarudia jina la Lyle, ajifunze kulitamka bila kulia. Ameshaweza, Verna. Macho makavu kama samaki chewa aliyekaushwa kwa chumvi. Akanigeukia, akatabasamu, akaniuliza kama sasa watamchukua. Nikajifanya natafuta chumvi. Mimi, Burton!

Mpigie mwanao leo.

Majirani wanakusalimu, hata Idella, ingawa kwa kukaza meno. Vaa soksi za sufu.

Kaka yako, mwenye hasira lakini bado wako,
Burton