Nilisema Nimeizima Mwenyewe

Mpendwa mshauri Faudhia, naomba msaada wako, na kabla hujaendelea kusoma naomba usinicheke, maana najua ukurasa wako ni wa ndoa na mawifi na mimi nakuletea habari za taa, lakini hizi taa zinaninyima usingizi wiki ya tatu sasa na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi naitwa Ghati, nina miaka thelathini na mmoja, kwetu ni Tarime ila kazi imenileta Kibondo, ni afisa uvuvi, na ukiniuliza afisa uvuvi anafanya nini Kibondo kusiko na ziwa nitakujibu kwamba nahangaika na mabwawa ya watu, sato na kambare, Kumsenga na vijiji vya jirani. Miaka miwili iliyopita nilijifunza kuzamia kule Kigoma mjini kwa dada mmoja anaitwa Nasma, pamoja na kaka Benedicto mwenye studio ya picha Kasulu na rafiki yake Pasikali ambaye ni fundi wa pampu za maji, tukaipenda ile kazi mpaka tukapata kibarua cha kupiga picha za samaki wanaoishi chini sana Ziwa Tanganyika, picha za kuwekwa kwenye kitabu. Siyo kule kuzamia kwa kuchungulia mawe na kupanda, dada, ni kule kwa ndani, mitungi miwili mgongoni na mingine ubavuni, ambako huwezi kupanda juu moja kwa moja hata ukiogopa, ni lazima usimame njiani dakika kadhaa hapa na dakika kadhaa pale mpaka gesi iliyokuingia mwilini itoke taratibu, ukikurupuka unapooza au unakufa. Na chini ya yale majabali ni giza hata saa sita mchana.

Sasa kwenye kugawana kazi Benedicto akasema yeye ni kamera, Pasikali ni mitungi, "na wewe dada Ghati shika taa, maana msomi wetu ni wewe," na mimi nikavimba kichwa, nikasoma, nikaulizia, zikaletwa taa mbili za kujaribu, moja ya mwanga mpana na moja ya mwanga mwembamba unaochoma mbali, na badala ya kusubiri tuteremke ziwani nikazibeba mpaka Kumsenga kwenye bwawa la mama Philomena. Bwawa lenyewe maji yanafika kifuani na yana rangi ya chai ya maziwa. Ile taa ya mwanga mpana ikayawasha matope yote yakawa ukuta mbele yangu, kama taa za gari kwenye ukungu, ila ile nyembamba ikapenya, nikamwona kambare mpaka masharubu. Mama Philomena alikuwa ukingoni na beseni lake la pumba anawalisha, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye afisa, na hao samaki nao wameomba umeme?" tukacheka, nikatoka majini nikaifungua ile taa pale pale ukingoni nione kama imeingiza maji, ikawa kavu, nikaifunga, nikaandika kwamba imefaulu, nikaagiza za aina hiyo kwa wote na ile ya majaribio ikawa yangu. Tena nikawaambia tochi ndogo za akiba tuziache garini, taa ya namna hii haizimiki.

Wiki tatu zilizopita tulizama mimi na Benedicto, tukaingia chini ya jabali mita arobaini na nne, yeye mbele na kamera yake yenye taa zake za picha, mimi nyuma namlinda, na yeye akaganda mbele ya kisamaki kimoja cha mistari, ameziba mwanga wote kwa mwili wake, na mimi nyuma yake taa yangu ikaanza kufifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikazimika. Dada Faudhia, nilikuwa sijawahi kujua giza. Sikuona mkono wangu, sikuona saa inayonionyesha kina, nilisikia tu pumzi zangu zinavyokimbia na nikajua kila pumzi ni hewa inayopungua, na tochi ya akiba ilikuwa ndani ya gari. Nikapapasa mpaka nikaona pembeni ya bega lake kamwanga kadogo ka kamera, nikakafuata, nikamshika mkanda wa mtungi na sikuuachia, na yeye hata hakugeuka, akamaliza picha zake tukatoka hivyo hivyo.

Juu kwenye boti akaniuliza, "Dada Ghati, mbona kule ndani taa yako sikuiona?" Pasikali alikuwa pale anasikiliza, na mimi ndiye niliyesema haizimiki, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, nikausikia mdomo wangu unasema, "Niliizima mwenyewe, isije ikakuharibia picha."

Alipozifungua picha studio zikawa nzuri kuliko zote, maana zile za siku za nyuma, za maji mafupi, taa yangu ilikuwa inaweka doa jeupe katikati ya kila samaki na hizi hazikuwa nalo, na tangu siku hiyo anawaambia watu, "Mwoneni dada Ghati, kakaa gizani kwa ajili ya picha." Sasa wameufanya ndiyo utaratibu. Jumamosi hii wanaingia kwenye ufa wa mwamba, mita hamsini na mbili, na wakifika taa ya mwenye kulinda inazimwa, inabaki ya kamera peke yake, na akiba hawabebi. Aliyekuwa aingie ni mimi, nikasema nina malaria, Pasikali akanipigia akasema, "Pole dada, wewe meza dawa, nitaingia mimi." Na taa atakayobeba ni ile ile yangu, maana ndiyo ya mwenye kulinda, ambayo nilipoifungua nyumbani niliikuta na maji na punje ya pumba imelala kwenye ule mpira wa duara unaozuia maji, ule mafundi wanaouita oringi, nikaifuta, nikaifukia kwenye mchele siku nne, ikawaka, nikairudisha kwenye begi letu la pamoja bila kusema.

Naomba uniambie, nimweleze Benedicto kwa namna gani ili nisidharaulike, au nitafute taa nyingine niibadilishe kimya kimya kwenye begi asijue mtu, na kama ni hivyo nichague taa ya aina gani? Ukichapisha usiweke jina langu.

Ni mimi niliyechoka kuogopa,
Kibondo.

*

Ghati mdogo wangu,

Sijacheka. Ujumbe wako umenikuta Jumatatu mchana na chai mkononi, na ile chai niliimwaga imepoa.

Nianze na lile ambalo hukuliandika. Wewe ni msomaji wangu, unajua ukurasa huu unatoka Jumapili. Wenzako wanazama Jumamosi. Ina maana umeniomba ushauri ambao ungekufikia siku moja baada ya kuhitajika, ili mambo yakiharibika uwe na pa kusemea kwamba uliomba msaada. Labda hukukusudia hivyo, lakini mimi nimeliona na nimekasirika. Ndiyo maana sikungoja gazeti. Namba ngeni iliyokupigia Jumatatu ile ile saa nane ilikuwa yangu, na wasomaji wangu nao wajue nilichokuambia: mpaka Jumatano jioni uwe umewaeleza Benedicto na Pasikali, ana kwa ana, ukishindwa nitawaeleza mimi. Ukaniomba, "Dada, nipe hata mpaka Ijumaa." Nikakukatalia, maana Ijumaa watu wanajaza mitungi. Siri za watu nimezitunza miaka kumi na moja kwenye ukurasa huu, za michepuko na za watoto wa nje, ila siri ya kumzika mtu siitunzi.

Pole kwa giza lile. Nasema pole ya kweli, kwa sababu umerudi ukiwa hai na hukuwa na hata mtu mmoja wa kukuambia pole. Aibu pia naielewa. Mwanamke umetoka mbali, umeaminiwa na wanaume wawili kazi ya kitaalamu, halafu kitu ulichokisifia kinazimika mara ya kwanza kinapohitajika. Ningekuwa mimi huenda na mimi ningesema uongo pale kwenye boti. Lakini ule wa boti ulikuwa wa dakika moja. Ule wa malaria uliupanga. Uliijua taa, uliujua ufa, ukajitoa wewe na ukamwacha Pasikali avae mitungi na kukupa pole. Hilo usilisahau hata watakapokusamehe.

Kuhusu kuibadilisha taa kimya kimya: usithubutu. Ungeweka taa nzuri kuliko zote duniani humo kwenye begi, bado Benedicto angemwambia Pasikali aizime mita hamsini na mbili, kwa sababu yako. Kilichoharibika zaidi kipo kwenye vichwa vyao na hakitoki kwa kubadilisha begi.

Sasa taa. Mimi sijui kuzamia, maji yakinifika magotini naita watu. Nimempigia mwalimu wenu Nasma, nikamweleza bila kutaja jina. Akasema, "Huyo namjua, wala usinitajie." Akaniambia niweke kalamu karibu. Yafuatayo ni yake, ukali ni wangu.

Anasema taa ya kuhesabika ni iliyofungwa mwilini mwako. Ya garini haihesabiki. Ya kamera nayo haihesabiki, kwa sababu inamfuata samaki, haikufuati wewe. Kila mmoja wenu anapoingia sehemu ya giza au ya kina kirefu anabeba tatu: moja kubwa na mbili ndogo za akiba, kila moja na betri yake, na kila moja peke yake iweze kumtoa nje. Bwawa la mama Philomena halikukudanganya kabisa. Mwanga mwembamba ndio unaofaa kwa mwenye kulinda, kwa sababu unapenya na ndio mnaoongea nao kule chini: ukichora duara polepole kwenye jiwe mwenzako anajua uko salama, ukiupeleka huku na huku haraka haraka anajua una shida. Ulipokosea ni kuiacha taa hiyo hiyo imwangukie samaki wa picha. Ya picha iwe ya mwanga mpana, uliosambaa sawasawa bila doa, na ziwe mbili, zikae mbali na kamera kushoto na kulia. Kule chini rangi nyekundu haifiki, mwanga mpana wa karibu ndio unaoirudisha kwenye samaki. Na doa jeupe likisumbua, mwenye kulinda anaelekeza taa yake pembeni kwenye jiwe. Haizimi. Nasma amelirudia hilo mara tatu na mimi nalirudia ya nne: haizimi.

Namba kubwa kwenye boksi usiikimbilie, inaweza kuwa nguvu ya dakika za mwanzo tu. Uliza taa inadumu muda gani kwa nguvu ile, na iwe mara mbili ya muda wenu wote majini, pamoja na kule kusimama njiani mnapopanda. Swichi iweze kufungwa isijiwashe kwenye begi ikamaliza betri barabarani. Kufungua taa ni mezani, pakavu, mikono misafi, oringi inafutwa, inaangaliwa kwa jicho, inapakwa mafuta yake, ndipo inafungwa. Ukingoni mwa bwawa kwenye beseni la pumba hapafunguliwi kitu. Maji mafupi hayana nguvu ya kupita pembeni ya punje, ya mita arobaini na nne yanapita, na hicho ndicho kilichokupata. Taa iliyokunywa maji na betri yake huwa imekwisha hata ikiwaka. Ule mchele, kwanza, usiupike.

Safari ya Jumamosi imeahirishwa na Nasma mwenyewe. Mtakaa kwake nyote watatu, taa zote zifunguliwe mbele ya wote, na utaratibu ule wa kuzima ufutwe kwa kinywa chako wewe uliyeuanzisha. Baada ya hapo mzame maji mafupi, mzoee kuitafuta tochi ya akiba mkiwa mmefumba macho, mpaka Nasma aseme basi. Na wewe ndiye utakayeingia na Benedicto mara ya kwanza.

Najua haya yamewezekana kwa sababu Alhamisi asubuhi umenipigia. Ukaniambia ulipanda gari Jumatano hiyo mpaka Kasulu, ukamkuta Benedicto studio anakata picha za pasipoti za mteja, ukangoja mteja aondoke, ukasema yote umesimama, mpaka mchele, na jioni ukayarudia kwa Pasikali. Ukaniambia sasa naweza kuweka jina lako.

Nikakuuliza Benedicto amekujibu nini, maana ulikuwa unaogopa dharau. Ukasema hakukutukana. Aliweka mkasi mezani, akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulivyonishika mkanda, hukuwa unaona?"

Ukamwambia hukuwa unaona.

"Nilisikia unatetemeka," akasema. "Nikadhani ni baridi, nikaendelea na samaki."