Sukari ya Mpiko wa Kumi na Nne

Jumamosi, 5 Julai

Mpiko wa kumi na nne wa bia leo! Nyumba nzima inanuka kimea, mpaka mapazia. Baba kaamka kabla yangu. Nimemkuta jikoni keshavaa koti lake la maabara, lile lenye doa la wino mfukoni, na keshapanga kila kitu mezani kwa mstari: mizani, kipimajoto, mwiko mrefu, hamira, hopsi za kutia uchungu. Miaka thelathini na moja ya kupima maji ya mji haimtoki mtu mwilini. Nikanyoosha mkono nichukue kipimajoto. Umenawa? Nimenawa, Baba. Nawa tena.

Nikanawa tena. Nina miaka arobaini na miwili mimi!

Tumechemsha saa nzima. Povu likapanda likataka kumwagikia jiko, nikapiga kelele, yeye akapunguza moto bila hata kuinua macho. Anapima, ananusa, anaonja, anaandika. Kila kitu kinaingia kwenye daftari lake, maana kazini kwao kipimo ambacho hakikuandikwa kilihesabiwa hakikupimwa. Kazi yangu mimi ni kuosha. Hata hivyo haniachii: kabla sijafika kwenye sinki, nusu ya vyombo keshaviosha, keshavikausha, vimerudi kwenye rafu.

Lita ishirini zimeingia ndooni, hamira imetiwa, kifuniko kimebana. Ndoo iko chumba cha kufulia, imefunikwa blanketi. Blanketi langu! Mimi nalala na shuka.

Jumapili, 6 Julai

Ndoo inapumua. Blup... blup. Baba kaweka kiti mbele yake, saa mkononi, anahesabu. Mapovu kumi na manane kwa dakika, kasema, kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu.

Nakumbuka mwaka juzi, baada ya Mama kutuacha. Alikuwa anakaa dirishani tangu chai ya asubuhi hadi giza. Ukimuuliza lolote, "sawa". Hizi ndoo nilizinunua kwa kukata tamaa tu, sikujua hata zinavyofanya kazi. Mpiko wa kwanza ulikuwa na ladha ya soksi. Baba alionja, akanitazama, akacheka mpaka akapaliwa. Miezi saba sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Kaka kapiga simu jioni. Humu ndani nitamwita Mkaguzi, maana kila akija hufungua friji kabla ya kusalimia. Anakuja Jumamosi ya tarehe 2 Agosti, na gari kubwa. Bado ameshikilia ile ya Mei, Baba alipoacha jiko linawaka akaenda kunyoa ndevu. Sufuria moja iliungua, basi. Mkaguzi anavyoisimulia, utadhani mtaa mzima uliteketea! Anasema akikuta Baba bado anasahau mambo, anaondoka naye. Akakae kwake, ghorofa ya nne, ambako wifi hapendi harufu na mambo ya ndoo na chupa hayapo.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia njoo uonje mpiko wa kumi na nne, halafu useme kama huyo aliyeupika ni mtu anayesahau. Akasema sawa, nitaonja. Sasa nimejifunga mwenyewe. Bia hii ndiyo wakili wa Baba.

Ijumaa, 11 Julai

Miwani ya Baba imepatikana kwenye friji, juu ya mayai. Mimi fundi wa miwani, na baba yangu anaigandisha! Tumecheka. Ila mimi niliacha kucheka kabla yake.

Mkaguzi katuma orodha ya maswali ya kumuuliza Baba. Leo ni siku gani, tarehe ngapi. La tarehe nimelikosa mimi mwenyewe. Na anayeuliza ni mtu aliyesahau siku ya kuzaliwa ya mkewe miaka miwili mfululizo, akaniomba nimwambie wifi kwamba keki ilipotelea njiani!

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya chupa. Nimefanya jambo, na nadhani nimefanya vizuri.

Jinsi ilivyo: bia ikishatulia, inahamishiwa ndoo ya pili, yenye bomba, na humo inatiwa sukari kidogo iliyoyeyushwa. Hamira inaila sukari hiyo ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo povu linapatikana. Ukisahau, unakunywa maji ya kuoshea vyombo. Ukizidisha... hapo Baba huwa hasemi, anapanua viganja tu na kutoa macho.

Nilikuwa na zamu ya asubuhi dukani. Narudi saa sita, bia imeshahamishwa, Baba kalala kwenye kochi, daftari limefunikwa kifuani. Nikatazama rafu. Sufuria ndogo ya sukari ipo mahali pake, kavu. Kopo la sukari limefungwa. Hakuna kijiko, hakuna tone mezani. Nikajua kasahau. Bila sukari hakuna povu, na bila povu Mkaguzi anabeba mtu.

Ningemwamsha nimuulize. Lakini siku hizi ukimwanzia na "Baba, ulikumbuka..." anakutazama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, na mimi siwezi kuyavumilia hayo macho. Nikapima gramu 130 mwenyewe. Nikachemsha, nikapoza, nikamimina, nikakoroga taratibu. Sufuria nikaiosha na kuirudisha. Hatajua. Bora hivyo.

Alipoamka tukajaza. Chupa thelathini na nane! Nyingi ni za jirani yetu Mama Chupa, anayefua mashuka hotelini na kutuletea zile tupu. Mimi nilikuwa napokeza, Baba anabana vizibo kwa mashine yake, anapiga mluzi. Hakukosea hata kimoja. Nilijisikia mtoto mwema.

Jumatano, 23 Julai

Kila asubuhi anafungua kabati la chumba cha kufulia kuzitazama chupa. Leo nimemsikia anaziambia zimekaa vizuri. Zimebaki siku kumi.

Jumapili, 27 Julai

Pu!

Saa nne asubuhi, tumekaa kimya na chai yetu. Tukakimbilia chumba cha kufulia. Chupa imepasuka, bia inadondoka kutoka darini, vigae vya sakafu vimejaa vigae vya chupa, soksi zangu zote zinanuka baa. Tunatazamana. Pu! Ya pili, mbele ya macho yetu. Baba akanivuta kwa kola tukatoka.

Mama Chupa akaja mbio, sufuria kichwani, akauliza tumekosana na nani. Baba akavaa miwani yake ya maabara, akaingia tena na taulo, akafungua chupa moja juu ya sinki. Povu likaruka mpaka kwenye taa! Tukacheka wote watatu, mimi nimekaa sakafuni. Kisha Baba akaonja kilichobaki, taratibu, kwa ule ulimi wake wa kazini. Akasema sukari imezidi. Siyo kidogo, ni mara mbili kamili.

Kicheko kilinikauka palepale.

Sufuria kavu! Kopo limefungwa! Huyu ni mtu anayeosha kila kitu papo hapo, nimeliandika hilo kwa mkono wangu. Alitia. Alitia, akaosha, akalala. Halafu nikaja mimi na huruma yangu.

Baba kafungua daftari lake, kasoma kwa sauti: "Sukari gramu 130. Saa 3:40. Imewekwa. Usiongeze." Akalifunga. Kisha akasema, "Nadhani nilirudia, mwanangu. Niliandika, halafu nikarudia."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na sauti. Nikachukua tambara nikaanza kupiga deki.

Jumatatu, 28 Julai

Kwa nini sikusema? Najua kwa nini. Nikisema niliitia mimi, itabidi niseme niliitia kwa sababu gani. Kwamba nilimkuta kalala nikaamua kasahau, bila kumuuliza, bila kufunua daftari lililokuwa kifuani pake. Kwamba Mkaguzi anamtilia shaka kwa simu, mimi namtilia shaka nikiwa humu humu ndani, huku nanawa mikono mara mbili na kumwambia haya, Baba, tupike.

Dukani nimeweka lenzi ya kulia kwenye jicho la kushoto. Mteja kasema naona watu wawili wawili. Nitamwambia Baba kesho.

Jumanne, 29 Julai

Nilipiga moyo konde nikaanza. Baba, ile sukari... Akanikatiza: "Acha tu, mama, yameshapita." Nikavuta pumzi nianze upya, Mama Chupa akabisha hodi na chupa kumi na nne kwenye kapu. Na papo hapo, kabatini, pu! Ya tatu. Kapu likaanguka, chupa zikabiringika hadi uani. "Nyinyi mnapika bia au mnapika mabomu?" Baba hakucheka. Aliinama kuziokota, moja moja.

Nikamshikia kapu.

Alhamisi, 31 Julai

Daftari lake halijafunguliwa tangu Jumapili. Liko juu ya friji, kalamu juu yake.

Nimemkuta chumbani anakunja mashati. Mazuri chini, ya kushindia nyumbani juu. Nikamuuliza anakwenda wapi, kana kwamba sijui. Akasema ni afadhali kaka yako anikute tayari. Leo ni sukari. Siku nyingine ni jiko tena, na wewe umelala.

Nimelia chumba cha kufulia, nimekalia kiti chake mbele ya ndoo tupu. Mimi ni mwoga. Niandike vizuri: MWOGA.

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi kabla sijatoka, Baba amelala. Jioni nimerudi, amelala. Au anajifanya. Begi liko nyuma ya mlango.

Ya nne imepasuka adhuhuri, kasema Mama Chupa, ambaye sasa anapita kwetu akiwa ameziba masikio. Zilizobaki nimezitia kwenye beseni la maji ya barafu, nimezifunika taulo tano. Zikipoa zinatulia. Mimi ndiye situlii.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nikiwa chumba cha kufulia, nimekalia ndoo, mlango nimeubana kwa mguu. Beseni liko hapa pembeni. Barafu imeyeyuka yote.

Kaka kafika saa nne pamoja na wifi. Kafungua friji. Kasalimia. Kauliza iko wapi hiyo bia ya kujivunia. Nikafungua mdomo, Baba akaniwahi. Kasimama wima, kachana nywele, kavaa shati la kwenda mjini. Kasema: "Hakuna bia, mwanangu. Nilitia sukari mara mbili."

Kama Kaka angejigamba ningeweza kugombana naye. Hakujigamba. Alimshika Baba bega, akasema kwa upole kabisa, "Siyo kosa lako, Baba. Begi liko wapi?" Na macho yake yalikuwa yamelowa! Mkaguzi! Nikasema naleta taulo, nikakimbilia humu.

Daftari hili huwa nalificha nyuma ya kopo la sabuni. Nimelitoa. Nimefungua tarehe 19 Julai. Yote yapo, kwa mwandiko wangu. Nikapima gramu 130 mwenyewe. Nikamimina. Hatajua.

Nikienda mikono mitupu nikasema ni mimi, Kaka atatabasamu. Atasema unamkingia kifua Baba kama kawaida yako. Na Baba atamwamini Kaka, kwa sababu Baba anaamini kilichoandikwa. Basi kimeandikwa. Kina siku, kina tarehe, kina gramu.

Ila nikilifungua mbele yao, Kaka atataka kulishika. Atageuza kurasa, hiyo ndiyo tabia yake. Atakutana na Mkaguzi. Atakutana na friji. Atakutana na keki iliyopotelea njiani, na wifi kakaa palepale kwenye kochi! Haya, na wakutane nayo. Hilo nitalibeba.

Linalonizuia kufungua mlango ni Baba. Atasikia "nikajua kasahau". Atasikia "bora hivyo". Atajua bintiye alimsimamia kichwani akiwa usingizini akakata shauri.

Lakini atajua pia kwamba hakurudia. Aliitia mara moja, saa tatu na dakika arobaini, gramu 130, akaandika usiongeze. Yuko sawasawa. Asiyesoma ni mimi.

Nasikia zipu ya begi. Kaka anabisha mlango, anauliza nafanya nini humu, taulo linafumwa? Nakuja. Nimemwambia nakuja. Baba anasema kwa sauti ya chini mwacheni, anaona uchungu —

Pu!

Ya tano, hapa hapa miguuni pangu! Nimelowa hadi magoti, ukurasa umelowa, lakini wa tarehe 19 ni mkavu, nimeutazama. Huko nje zipu imesimama. Baba anauliza kupitia mlangoni kama nimeumia, na je, barafu ilikuwa nyuzi ngapi, niliipima?

Sikuipima, Baba. Nimetoa mguu, fungua, nina kitu cha kukusomea —